Nilifuta Kazi za Darasa Zima la Mke Wangu

Ni mimi nilikosa. Si kompyuta, si stima, si shetani. Ni mimi na kiherehere changu.

Mke wangu ni mwalimu huko Kajiado. Anapanda basi kila asubuhi kutoka hapa Kitengela tunakoishi. Laptop yake ilikuwa imezeeka, ukiiwasha unachemsha chai na kunywa kabla ifunguke. Mimi mtaani naitwa Injinia, na kazi yangu ni kuandika namba za lori zinazotoka kwa machimbo ya mawe! Nilikuwa nimeona video moja tu, ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, mdogo, mwepesi, eti unafufua mashine kuukuu. Jumamosi moja akiwa kwa mkutano wa akina mama kanisani, nikasema wacha nimshangaze.

Sikumuuliza kama iko na kitu ndani. Injinia anauliza nini?

Nikaanza kuiweka hiyo Linux. Skrini ikawa nyeusi, maandishi tu, hakuna pa kubonyeza. Ikaniuliza kama niendelee, kila kitu kitafutwa. Nikakubali haraka, vile mtu anakubali masharti kwa simu bila kusoma.

Halafu ikataka paswadi. Naandika, hakuna kinachoonekana, hata nukta! Nikadhani kibodi imekufa, nikaipigapiga. Kumbe ilikuwa inashika yote. Nikaanza upya mara tatu. Mwishowe ikawaka, lakini waifai ikakataa. Ili ikubali, lazima nipakue kitu kwa intaneti. Na intaneti nitoe wapi? Jameni, nilikaa sakafuni nikaiangalia tu.

Hapo ndipo ikanijia. Picha na video za miradi ya Gredi ya Tisa, muhula mzima, zilikuwa humo ndani, na mke wangu alifaa kuzituma Jumatatu ndio watoto wapate alama. Woi! Nilitafuta kila mahali. Hakuna.

Aliporudi nikamwambia, "Mama Mutheu, mashine yako imekufa. Nimejaribu kuiokoa, imeshindikana."

"Na kazi za watoto?"

"Zimeenda nayo."

Ndivyo nilisema. Na Jumatatu yeye ndiye alisimama mbele ya wazazi kuomba msamaha! Mzee mmoja akamwambia, "Mwalimu, ile bustani msichana wangu alipanda kwa mradi, ng'ombe walishamaliza. Sasa utapiga picha ya nini?"

Alifika nyumbani sauti imekauka. Akaniwekea chakula, akasema, "Lakini asante, Baba Mutheu. Angalau wewe ulijaribu." Nikala. Nikamaliza sahani yote!

Jana amekuja na laptop ya mwalimu mwenzake, eti nimwangalilie. Amewaambia wote huko shuleni mume wake ni fundi. Iko hapa mezani, sijaigusa, na ukweli bado sijamwambia.

Wewe unayeshika kitu cha mtu, muulize kwanza. Na ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo, akukasirikie. Hasira ingekuwa imeisha. Hii asante ndiyo haiishi.