Bakuli la Bibi wa Nyumba Nyekundu

Bakuli lenyewe liko hapa mezani mbele yangu. La udongo, zito, rangi ya kijivu, na mdomoni limezungushwa mstari wa buluu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akiingia huligonga kwa ukucha, akanambia, "Shoga, wenzio wakenda Ulaya huleta manukato. Wewe umekwenda kuiba bakuli." Nami hucheka, lakini kicheko hicho ni cha mdomo tu.

Nianzie pale meli ilipofunga, maana nikianzia mbali sitafika. Ila lazima niseme nilifikaje mle melini, mimi niliyeishia darasa la tatu na safari yangu ndefu ilikuwa Lamu kwenye Maulidi. Binti yangu ni muuguzi huko Ulaya. Mwaka jana akanambia, mama, njoo tupumzike, akanipakia meli ya kitalii inayopanda mpaka kaskazini kabisa, huko ambako kiangazi jua halitui na mtu hujui ulale saa ngapi. Meli hizo nazijua tangu utoto kwa kuziona Kilindini. Watalii wakishuka hupita kichochoroni kwetu hapa Mji wa Kale, na siku za mvua huvaa makoti ya plastiki wakaangalia milango yetu kama waliopotelewa na kitu. Sisi madirishani tukicheka. Basi nami nikavaa koti hilo hilo la plastiki juu ya buibui, nikawa mtalii.

Bandari yenyewe jina lake sikuliweza. Ndogo, nyumba za mbao, mlima nyuma yake umekatwa kichwa na mawingu. Na mvua. Mvua ya kwetu huja kwa kishindo, ikafurisha mitaro ya Bondeni, ikaondoka, watu wakatoka kufagia maji. Ile ya kule haina sauti. Inakaa hewani tu, inakulowesha kidogo kidogo mpaka unashangaa soksi zimelowa na hujaona tone.

Wenzetu wakapanda mabasi kwenda kuona maporomoko ya maji. Nikamwambia binti yangu, maji ninayo ya kutosha mwilini. Akacheka, akanambia nimngoje hapo karibu na gati, yeye akanitafutie glavu madukani. Nikasogea chini ya upenu wa nyumba moja nyekundu, nikabana mikono kwapani.

Mlango ukafunguliwa. Bibi, rika langu au kanizidi kidogo, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanamume. Akasema neno, nami nikasema langu. Akaona hatutafika, akanishika mkono wa koti akanivuta ndani.

Wallahi sijapokewa hivyo hata na mawifi zangu. Akanivua koti akalitundika, akanikalisha karibu na jiko la kuni, akaweka viatu vyangu pembeni ya moto. Kisha akaniletea supu ya samaki, nzito, ina viazi na maziwa, kwenye bakuli hili. Haina pilipili wala ndimu, lakini ya moto, na samaki ni samaki. Tukazungumza kwa mikono. Nikamuonyesha nina watoto wanne, yeye akaonyesha mmoja, kisha akaelekeza kidole baharini akatikisa kichwa. Sijui alisafiri au alizama. Nilimshika mkono, liwe lolote kati ya hayo mkono hauharibu.

Nikakumbuka adhuhuri. Nikamuonyesha kwa ishara kuwa nataka kunawa na kusali, akaelewa upesi, akanipeleka kwenye bomba na akanitandikia taulo. Kibla nilikisia, Mungu anisamehe. Nilipotoa salamu na kugeuka, bakuli langu, ambalo sikuwa nimelimaliza, alikuwa amelifunika kwa sahani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu chakula kilichofunikwa sahani ni chakula cha njiani. Ramadhani nzima sahani zinapita kichochoroni kutoka mlango huu kwenda mlango ule, na aliyefunika amekwambia nenda nacho, ukale na wenzio. Kukiacha ni kumvunja mtu uso. Na kutoka gatini nasikia binti yangu ananiita. Basi nikavaa viatu na koti, nikampa bibi sahani yake ili nisimbebee vyombo viwili, nikabeba bakuli ndani ya koti lisiingie mvua, nikambusu mashavu yote mawili, nikatoka. Akanifuata mpaka kizingitini, kainua mikono, anasema maneno mengi. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Ahsante dada, usijisumbue, mvua itakupata."

Nilikuwa na furaha, msinione hivi.

Supu niliimaliza chumbani kwetu melini, nikaosha bakuli. Binti yangu akatoka kuoga akaliona.

"Mama, la nani hilo?"

"La bibi wa nyumba nyekundu. Kanipa chakula nije nacho."

"Kakupa mkononi?"

"Kalifunika."

Akakaa kitandani. "Alilifunika lisipoe, mama. Ulipokuwa unasali. Watu wa huku hawakupi chakula na chombo chake. Ulipotoka alisemaje?"

"Alisema mengi. Nilidhani ananiaga."

Binti yangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akavaa viatu mbio. "Ngazi bado iko chini. Lete nilipeleke."

Nikalishikilia. "Utalipelekaje tupu?"

"Mama, ni bakuli lake."

"Ndiyo nakuuliza, utalipelekaje tupu?"

Tangu nipate akili sijarudisha chombo cha mtu kitupu. Unatia chochote, hata sukari, hata ndimu mbili. Nikafungua sanduku. Halua niliyotoka nayo Mombasa nilikuwa nimeimaliza mwenyewe kwa upweke wa bahari. Tende zimebaki chache, za kumtia mtu aibu. Binti akanionyesha chokoleti za meli, nikamwambia hizo si zangu, nitatoaje kisicho changu. "Mama, meli," ananambia. Nami napekua. Mwisho nikapata mfuko wa iliki niliouweka kwa chai yangu, nikaumimina wote bakulini, nikafurahi, nikampa.

Alipofika chini baharia wa mlangoni alitikisa kichwa. Ngazi imeshavutwa, honi inalia.

Tulipanda juu tukasimama kwenye reli na bakuli la iliki. Nyumba nyekundu ilionekana vizuri. Mlango wake ulikuwa wazi, na mvua ile ile inanyesha. Mtu sikumuona. Sijui alisahau kuufunga, au alikuwa akingojea.

Ningemwachia binti akaenda nalo tupu, bibi angelala na bakuli lake. Mimi nilitaka aseme wageni wale wana adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomnyang'anya.

Binti yangu aliporudi kazini alitafuta watu wanaojua bandari ile, akauliza huku na huku, mpaka bibi akapatikana. Jibu lake likaja: hapana neno, akae nalo, likamkumbushe siku ile. Binti akanisomea kwenye simu kwa furaha. "Umesikia, mama? Yamekwisha."

Hayajesha. Mtu mstaarabu ukimuuliza kitu chake atakujibu hivyo hivyo, hata kama bakuli ni la marehemu mamake. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Sasa binti yupo hapa likizo, kesho anarudi. Jana nilikwenda Biashara Street nikanunua doti ya leso, nikazunguka Bondeni kwa halua, laini, yenye lozi. Bakuli nimelijaza, nikalifunga kwa leso ile, pande zote mbili, nikaliweka katikati ya nguo zake ampelekee bibi. Yeye ananiambia halifai kusafirishwa hivyo, halua ibebwe mbali na bakuli libebwe mkononi, na mizigo ya ndege hutupwa kama magunia.

"Likivunjika je, mama?"

Nimelitoa sandukuni mara ya pili sasa, halua ndani. Mkono mmoja unataka kuimimina halua, mwingine umekamata fundo la leso.