Kiroba cha Watu Kumi

Mama Katongo hakuwahi kujifunza kuomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa tabia hiyo alishapoteza marafiki wawili na kazi moja ya kufua nguo, na mwaka ule wa ukame nusura apoteze na meza yake ya unga katika soko la Chibesa, hapa Kitwe, mji wa migodi nchini Zambia.

Meza yenyewe si ya kujivunia: mbao tatu juu ya mapipa mawili ya rangi, na mwavuli uliokatika mbavu moja. Juu yake hupanga Pamela, vile vifuko vya nailoni vyenye unga wa mahindi wa kutosha ugali wa jioni moja kwa watu wanne wasio na tamaa. Huyo Pamela mwenyewe alikuwa nani, hakuna anayejua. Tunachojua ni kwamba nusu ya mtaa wetu hula kwa jina lake.

Kazi hii aliianza mwaka ambao mgodi ulipunguza watu na mumewe akarudi nyumbani na barua mkononi na buti begani. Kabla ya siku hiyo walikuwa watu wa kununua kiroba kizima cha kilo ishirini na tano kila mwisho wa mwezi, tena sembe nyeupe. Baada ya miezi mitatu akawa mnunuzi wa Pamela ya dona, akiificha chini ya kitenge ili majirani wasione. Siku moja akamwambia muuzaji, bibi mmoja mwenye ulimi mkali, kwamba unga ni mdogo. Bibi akamjibu, "Basi kauze wewe." Wengine wangenuna. Yeye alikwenda akauza, na akauza miaka kumi na tisa. Unga huo umemzika mumewe kwa heshima na kuwasomesha watoto watatu hadi wakamaliza shule, na mmoja wao leo ni muuguzi kule Solwezi.

Halafu mvua ikakosa kunyesha. Mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, umeme ukawa unakuja unapotaka, viwanda vikawa vinasaga kwa jenereta, na mafuta ya malori yakapanda. Kiroba kikapanda mara nne katika mwaka mmoja. Sasa tuseme ukweli: nani hapa Chibesa amewahi kukutana na ukame akamshika shati? Nani anajua nyumba ya mwenye kiwanda? Mama Katongo tulikuwa tunamjua. Alikuwa pale, hatua sita kutoka bomba la maji, kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Ndipo afisa mmoja akasema redioni kwamba serikali imegundua wanaopandisha bei. Ni wauzaji wa Pamela. Wananunua kiroba kwa kwacha mia tatu, wanakigawa vipande vipande na kukusanya karibu mia nne. Wa kwanza kuibeba habari hiyo alikuwa Nsofwa, msusi anayekaa ng'ambo ya njia, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi, ambaye alikuwa akinunua Pamela yake kila jioni bila kukosa.

"Mama Katongo, kumbe ni wewe," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza dagaa. "Na mimi muda wote huu namlaumu Mungu kwa mvua."

"Endelea kumlaumu Mungu. Yeye hana meza hapa sokoni."

"Mia moja nzima kwa kila kiroba. Ndiyo maana unanenepa."

"Nimenenepa tangu usichana wangu, dada. Na hiyo mia toa mkokoteni, toa nailoni, toa ushuru, toa na jua linalonichoma. Kinachobaki nachukua, sikatai. Ulitaka nile mawe?"

Watu walicheka, lakini hawakucheka naye. Kuanzia siku ile ikawa mtu akitoa hela yake anaitoa huku anasonya, na mlevi mmoja alipita akapiga teke pipa la meza. Jambo hilo lilimuuma Mama Katongo kuliko alivyoonyesha. Hawa ni watu aliowafungulia unga siku za misiba yao.

Wiki ile ile akaja mwenyekiti wa soko, Bwana Sichone, mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akiwa na karatasi.

"Mama, hili jambo si langu. Limetoka juu."

"Kila kitu kinatoka juu, mwenyekiti, isipokuwa mvua."

Sichone akajikohoza, akasoma. Kuanzia Jumatatu unga utauzwa kwa kiroba kizima tu, kwa bei iliyotangazwa. Atakayekutwa na Pamela, unga utachukuliwa na meza itang'olewa. Wauzaji watakaotia saini hapa chini kwamba walipandisha bei na wanaomba radhi watapewa nafasi ya kuuza mkaa.

"Nionyeshe mtu mmoja mwenye hela ya kiroba katikati ya mwezi," alisema Mama Katongo.

"Hilo halikuandikwa humu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenye mdomo."

Wenzake wawili walitia saini. Mmoja alilia kwanza, kisha akatia saini. Mama Katongo alipopewa kalamu aliitazama pande zote mbili akamrudishia mwenyewe. Alisema kama alipandisha bei, basi waje wamwonyeshe alipandia ngazi gani.

Jumatatu alikuja na mkokoteni wenye viroba viwili. Kimoja alikiweka chini ya meza, kimoja juu, kikiwa na uzi wake wa kiwandani, na kando yake kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: 300. Pamela hata moja haikuwepo. Akakaa na mikono mapajani.

Hadi saa tatu walikuwa wameshakuja na kurudi wanawake saba. Wa nane alikuwa Nsofwa, ambaye asubuhi ile alikula viazi na hakutaka kuvila tena jioni. Alikuwa na kwacha thelathini, bei ya Pamela mbili.

"Nipe mbili."

"Sina ruhusa. Nauza kiroba."

"Kiroba nakitaka cha nini? Nina harusi?"

"Kamuulize afisa wako wa redioni."

Nsofwa akasimama pale akijitafuna mdomo. Mtu mwenye kiburi akibanwa huwa mwerevu ghafla. Akageukia bombani, walikosimama wanawake na ndoo zao, akawapigia kelele kwamba anataka watu tisa wenye thelathini thelathini. Robo saa haikuisha walikuwa kumi. Akakusanya hela, akaziweka mezani kwa kishindo, akasema, "Haya. Tumenunua kiroba chako. Kizima, kwa bei ya serikali, na wewe hupati hata sarafu ya ngwee ya ziada. Tuazime bakuli."

Mama Katongo akawaazima bakuli lake la plastiki, na kile kipande cha rula anachopitisha juu kusawazisha unga. Hesabu waliipiga wenyewe: kiroba kina bakuli ishirini na tano, kila mtu achukue mbili na nusu. Nsofwa akaukata uzi kwa meno. Kwa kuwa ndiye kiongozi, akasema yeye atachukua mwisho, na akaanza kupima.

Rula hakuigusa mtu. Bakuli la kwanza likapanda juu kwa lundo, maana ndivyo mtu wa kwetu anavyopimiwa. Likafuata la pili, na nusu, halafu mwenye ndoo akanyoosha kiganja na kusema, "Na mbasela." Mbasela ni ile nyongeza ya bure, konzi moja au mbili juu ya ulichonunua. Hapa kwetu muuzaji asiyetoa mbasela hurogwa au husengenywa, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Nsofwa akatoa konzi mbili bila kufikiri. Wa pili naye akapewa, na wa tatu, wote wakisifu kwamba leo ndiyo wameuona unga wao. Alipofika kwa mtu wa tisa, mama mmoja mwembamba aitwaye Chilekwa, bakuli likakwaruza chini ya kiroba. Kilitoka kikombe kimoja cha vumbi.

Walikung'uta kiroba, wakakigeuza ndani nje. Chilekwa na Nsofwa walikuwa wamesimama na ndoo tupu.

"Umetuuzia kiroba kilichopunjwa," Nsofwa akamwambia Mama Katongo.

"Kilikuwa kimeshonwa. Uzi bado uko mdomoni mwako."

Ulikuwepo kweli. Nsofwa akautema.

Mama Katongo akainuka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akachukua ndoo ya yule wa kwanza, akaumimina unga wote kwenye kitambaa safi, akaupima upya, na kila bakuli akalipitishia rula. Mbili. Nusu. Kitambaani pakabaki rundo la unga lililozidi nusu ya bakuli.

"Na hii ni nini?"

"Mbasela," akasema mwenye ndoo kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

Mwenye ndoo akamtazama Nsofwa.

"Nauliza, hii aliitoa nani? Mimi sikugusa bakuli, nilikuwa nimekaa. Kiroba ni chenu. Mmejipa mbasela wenyewe kwa wenyewe mpaka mmemla Chilekwa mkavu." Akaigonga rula mezani. "Miaka kumi na tisa natoa hiyo. Mnadhani kiwandani wananiwekea? Kiwandani wanapima kwa mashine, na mashine haina shangazi. Nasonywa, napigiwa pipa langu teke, naitwa mwizi, na mwizi huyo huyo ndiye anayewaongezea."

Wanawake wakaanza kurudisha, konzi kwa konzi, wengine wakiinamisha macho. Chilekwa akapata bakuli zake mbili na nusu, na Nsofwa akapata zake. Nsofwa hakusema pole, naye ana ugonjwa ule ule wa kutojua kuomba radhi, lakini alikaa chini kando ya pipa akaegemea meza ya Mama Katongo.

Ndipo Sichone akatokea na askari wawili wa soko. Alipoona kiroba kitupu na ndoo zilizojaa, uso ukamchanua.

"Mnaona? Utaratibu unafanya kazi. Kila siku mfanye hivi hivi."

"Kila siku?" Nsofwa akasema. "Mzee wangu, mteja wangu yuko pale nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Kesho nitakamata wapi watu tisa?"

Wakati ule ule mwanamke mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni, ambaye hakuna aliyemjua jina, akasogea mezani. Alikuwa na noti ya kumi na sarafu tano za kwacha moja moja. Aliuliza kama angeweza kupata Pamela moja tu. Sichone akageuka, akaangalia paa la ofisi yake.

Mama Katongo akavuta kile kiroba cha pili kutoka chini ya meza, akakipandisha juu. Askari mmoja akasogea.

"Mama, usikifungue," Sichone akasema. "Nakuomba. Ukikifungua nitalazimika."

Mama Katongo akaupitishia uzi kisu, ukakatika. Akajaza bakuli, akapitisha rula, akamimina unga kwenye nailoni, akaongeza konzi moja, akafunga fundo. Akampa mwenye mtoto, akapokea kumi na tano zake mbele ya wote.

Sichone akatoa kitabu cha makosa na kalamu. Mkono wake haukuwa na haraka. Aliandika jina, maana alilijua, na namba ya meza. Alipofika kwenye mstari wa kosa akasimama.

"Mbona huandiki?" Mama Katongo akamwuliza.

"Natafuta namna ya kuliandika."

"Nikusaidie. Andika: amemuuzia mtu chakula kwa kiasi cha hela aliyokuwa nayo. Andika yote, usifupishe, halafu uwapelekee huko juu walisome."

Kalamu ilibaki palepale juu ya karatasi. Askari walimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti aliutazama ule mstari. Nyuma ya yule mwenye mtoto walikuwa wameshapanga foleni watu sita, na Mama Katongo akamwuliza aliyefuata anataka ngapi.