Mkoko Upi

Enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia Kibiti: kofia za mitumba, redio za betri, na watafiti wenye magari makubwa. Mimi nilirudi nyumbani na hao watafiti. Nilikuwa nimesomea kemia Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kuwatafutia miti ambayo huenda ina dawa ya saratani ya ngozi.

Nilikuwa na yangu moyoni. Mdogo wangu alizaliwa zeruzeru, akakulia shambani juani, na kidonda cha shingoni kilikuwa mwaka wa pili hakifungi. Hospitali walimwambia aende Dar. Dar wakamwambia amechelewa.

Shangazi yetu, aliyeolewa kule delta, vidonda vya namna hiyo alikuwa akivikanda kwa maji ya magome. Nilipomuuliza ni mti gani, alijibu, "Mkoko, baba." Magoti yalishamshinda, nikaingia topeni mwenyewe. Vitabuni nilikuwa nimejifunza kwamba kwa watu wa delta mkoko ni mti mmoja tu, ule wa mizizi mirefu iliyosimama juu ya tope. Nikabandua magome yake, nikaandika lebo kwa mwandiko mzuri.

Maabara wakachuja dawa yake, wakaiweka kwenye seli za saratani. Seli zikaendelea kustawi. Kila nilipofika nyumbani mdogo wangu aliuliza, "Kaka, jibu limetoka?" Nilimwambia bado. Sikuwa na uso wa kumwambia vingine.

Nikaenda kumwambia shangazi.

"Mkoko upi?" akauliza.

"Si mkoko tu, shangazi?"

"Nyie wa Kibiti kila mti wa maji ya chumvi mnauita mkoko. Nikasema kwa maneno yenu ili unielewe. Dawa ni mkomafi, mti mwingine kabisa."

Yeye aliacha maneno yake anifuate mimi, mimi nikaacha yetu nimfuate yeye, tukapishana njiani. Elimu yote ile, na sikumuuliza hata swali la pili.

Nilikwenda mbio kwa mkubwa wa mradi. Akasema ripoti ya delta imeshafungwa, sasa wanahamia milimani. Mpaka leo namchukia, ingawa lebo ile niliiandika mimi.

Tulimzika mdogo wangu siku chache kabla ya Ramadhani. Kofia yake ya mtumba ikabaki msumarini. Sisemi mkomafi ungemponya. Mradi ule haukuwahi kuupima. Alikufa akiamini jibu bado halijatoka. Katika yote niliyomwambia, hilo ndilo lililokuja kuwa kweli.