Albamu Niliyoipa Namba Moja

"Washa."

"Mama, nimezima kwa ajili yako."

"Nani kakuomba uzime? Nimesema washa."

Ndivyo tulivyoanza kugombana, mimi na Mama Edson, kwenye uzio wa mabati unaotenganisha saluni yangu na nyumba yake, hapa Kalangalala. Saa nne asubuhi, wateja wanne wamesukwa nusu vichwa, wote kimya wasipitwe na neno.

Wadau, nieleweni kwanza. Miaka mitatu huyu mama alikuwa ananisumbua nipunguze spika. Alishanipeleka mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Siku hiyo nazima mwenyewe, halafu ananijia juu.

Nikajua hapa kuna kitu.

Mimi ni Febronia, mtaani wananiita Febu. Nasuka. Saluni yangu haikosi watu, wengine hata hawasuki, wanafuata umbea na muziki.

Kila Desemba natoa orodha ya albamu zangu tano bora za mwaka. Sio za mastaa wenu wa redioni. Mimi nawataja wanaojirekodi kwa nguvu zao, hawana meneja wala kampuni, nyimbo zao unazikuta kwa wale vijana wa stendi wanaojaza memori kadi.

Naitupia kwenye status na kwenye magrupu, halafu watu wanakuja saluni kunibishia. Raha yangu ndiyo hiyo.

Desemba ile namba tano niliwapa akina mama fulani wa Ushirombo, walijitoa kwenye kwaya wakarekodi jikoni kwa simu. Unasikia mpaka sufuria likifunikwa. Namba mbili jamaa anayeimba habari za madereva wa malori wanaolala Isaka. Huyo walinibishia wiki nzima.

Namba moja hakuna aliyenibishia.

Faili limeandikwa tu "Mwana Samuye". Nyimbo nane, picha hamna. Gitaa moja na sauti moja. Anaimba maisha ya duarani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Kiswahili kimechanganyika na Kisukuma. Hapigi kelele. Anaongea na wewe kama mtu aliyekalia ndoo mlangoni kwako.

Na wimbo wa nane unakatika katikati. Yaani kimya, basi.

Mimi nikaandika: "Huu ndio ujanja wa mwaka. Msanii anatuonyesha kwamba maisha ya duarani yanakatika hivyohivyo." Watu wakanisifia mpaka nikavimba kichwa.

Hiyo ndiyo albamu niliyokuwa nimewasha asubuhi ile, nikaizima kwa kuogopa mdomo wa jirani.

Basi nikawasha tena. Mama Edson akashika bati kwa mikono miwili. Ulipofika wimbo wa tatu, pale anapomwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayo, niwekee chakula, mvua zikianza narudi," akasema taratibu:

"Huyo ni Edson."

Edson ni mwanae wa pekee, aliishi hukohuko machimboni, mimi sikuwahi kumsikia akiimba. Mwaka mmoja na nusu kabla ya Desemba ile, mwezi wa sita, duara liliporomoka wakiwa ndani watu tisa. Wanane walitolewa. Yeye hakuonekana. Wenzake walichimbua wiki mbili, wakaacha.

Kule kwao Samuye baba yake, mzee Mayala, alisubiri, akachoka. Ukoo ukakubaliana kumaliza msiba bila mwili. Siku ilishapangwa, baada ya Krismasi, na ng'ombe wa kuchinja alishatengwa.

Sasa sikia kosa langu.

Kila wimbo wa ile albamu unaanza na sauti ya mtu mwingine inayosema, "Mpya kabisa, ya mwaka huu." Mimi mtaalamu wa albamu, mbele ya wateja, nikamwambia yule mama:

"Mama, aliyefukiwa haingii studio. Edson yuko hai."

Akaachia bati, akaingia ndani kwake.

Kufika mchana mtaa mzima unajua. Jioni Mama Edson akapiga simu Samuye, akasema ng'ombe asiguswe. Mzee Mayala alimbembeleza, shangazi wa marehemu wakamtukana, yeye akakata simu. Akavua kitenge cheusi. Na kila siku akawa anapika ugali wa mtama, anatenga sahani moja, anaifunika kwa kawa.

Mimi nikajiapiza kumtafuta kijana. Nikaanza na watu wa memori kadi. Mmoja akanielekeza kwa aliyempa, yule kwa mwingine, mpaka nikatua Kagongwa, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Mwenye studio anaitwa Donatus, mpole, macho mekundu kwa kukaa na kompyuta.

Nikamuuliza Edson yuko wapi. Akashangaa. Akasema na yeye anamsubiri.

Akanieleza kwamba Edson alirekodi siku mbili tu, mwezi wa tatu wa ule mwaka wa ajali. Hakurudi tena, simu haipatikani. Mwaka uliofuata kompyuta ikaanza kuharibika, akaona bora aziachie nyimbo kabla hazijapotea. Ile "mpya kabisa ya mwaka huu" ni sauti yake yeye. Anaibandika kwenye kila kazi inayotoka pale.

Nikauliza habari ya wimbo wa nane, na ule ujanja wa kuukata.

"Ujanja gani, dada? Uzi wa gitaa ulikatika. Akasema akitoka duarani atanunua mwingine aje amalizie."

Sikumbuki nimepandaje gari.

Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilifika mchana, sikupita hata saluni, nikaenda moja kwa moja mlangoni kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka Kagongwa, wateja wako wameniambia."

"Mama, ile albamu..."

"Ni ya zamani," akasema. "Najua."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwezi wa nne, kabla ya ajali, winchi ya kupandishia mawe ilimpiga Edson mdomoni, meno mawili ya mbele yakang'oka. Toka hapo maneno yake yalikuwa yanatoka na upepo. Huyo wa kwenye wimbo ana meno yote. Nilijua siku ileile, pale kwenye bati."

"Sasa mama, mbona ulisimamisha msiba?"

"Watu wote walikuwa wanasema amekufa. Ukatokea wewe mmoja unasema yuko hai. Nikaona nikae hapo kidogo."

Wadau, orodha mmeniuliza sana mwaka huu, sitoi. Nilisikiliza ile albamu labda mara mia, nikasikia kila kitu isipokuwa mtu aliyekuwa anaimba. Ukipenda kuonekana unajua, fanya hivyo kwenye muziki. Mtoto wa mwenzio muache.

Nikaanza kulia pale kizingitini. Yeye hakulia. Aliniambia niwapigie watu wa Samuye, niwaambie wachinje.

Kisha akafunua kawa, akasogeza kigoda.

"Ingia ule, Febu. Hiki cha Edson kitapoa."