Herufi M iliyotaka kunimalizia vidole

Wakuu, salamu kutoka Kindu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wala jirani. Chumvi nitatia, maana bila chumvi siwezi kupika wala kusimulia, lakini tukifika kwenye mkono wangu sitaongeza hata punje.

Ilikuwa enzi za Zaire, Chama kimoja, kila mtu anaitwa "sitwayeni", yaani mwananchi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye atelie, karakana ya Papa Ramazani, seremala wa mtaa wa Kasuku. Mlango aliotengeneza yeye ukifungwa, hata mbu anapiga hodi.

Jioni nilisoma shule ya watu wazima, na mwezi ule nilikuwa nimepata cheti.

Wakuu, nilisoma kila kitu. Magunia, kuta, makopo ya maziwa. Kuku akipita nilitaka kusoma nyayo zake. Ila kwa Kiswahili. Kifaransa changu kiliishia kwenye bonjour.

Papa Ramazani hakuwahi kukaa darasani. Tangu nipate cheti alikuwa ananiita "mwalimu", na hakuwa ananisifu.

Basi Papa akanunua msumeno wa umeme wa mezani, mtumba, ukaletwa kwa lori kutoka Kalima. Mzito kama kiboko mwenye mimba. Mota iko chini ya meza, inazungusha diski ya meno kwa mkanda wa mpira.

Fundi wa umeme akaunga waya moja kwa moja ukutani. Plagi ya kuchomoa, hakuna. Alikuja wakati umeme wa mji umekatika, kwa hiyo hatukuweza kuujaribu.

Na haraka ilikuwepo. Chama kilitaka mabenchi ya mkutano wa Jumamosi, na watu wa Chama walikuwa hawasemi mara mbili. Papa akaniambia nisafishe yale meno, yalikuwa na utomvu na kutu iliyoganda, ili umeme ukirudi tuanze kupasua. Siku zote ulikuwa unarudi jua likizama.

Nikaiangalia swichi. Ni ya kuzungusha. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, zimebaki herufi mbili tu: upande huu M, upande ule A.

Mwenye cheti nikatabasamu. A, Anza. M, Maliza. Nani asiyejua?

Na swichi ilikuwa imeachwa kwenye A! Nikasema moyoni, hawa watu wa Kalima wataua mtu. Nikaizungusha hadi M, taratibu, kama daktari anayefunga jeraha.

Nikanyoosha mkono kwenye meno.

"Mwalimu," Papa akasema, "toa mukanda kwanza."

Nikamweleza kwamba hakuna haja. Kutoa mkanda ni kulegeza bolti nne za mota, umelala chini kwenye vumbi la mbao, halafu kuzikaza tena. Umeme wenyewe haupo. Na hata ungekuwepo, swichi nimeifunga, nimeisoma kwa macho yangu.

Hakupandisha sauti.

"Miye sijue kusoma, ile njo kweli. Lakini kuhesabu ninajua. Vidole yako iko kumi. Toa mukanda, uvae mu shingo kwanza, nyuma yake njo utagusa meno."

Nikalala chini nikilegeza bolti, huku nikimsikitikia mzee wa watu ambaye hakupata elimu.

Nikautundika mkanda shingoni. Mnakumbuka enzi hizo tai zilikuwa zimekatazwa? Nikamwambia Papa, nikikamatwa na hii tai ya mpira, ni wewe utakwenda kujibu. Hakucheka.

Nikaanza kukwangua. Vidole vinne vya mkono wa kuume viko katikati ya meno, cha gumba kimeshika diski. Hapo sitii chumvi.

Jua lilikuwa bado kali. Umeme ukarudi.

Mota ikanguruma chini ya tumbo langu, meza yote ikatetemeka. Niliruka nikapiga bati kwa kichwa, na kelele niliyopiga ilisikika mpaka Kibombo.

Diski ilikuwa imetulia tuli. Mota inazunguka peke yake kama kichaa, haina cha kushika. Mkanda uko shingoni mwangu.

Papa akaja, akazungusha swichi upande wa A. Kimya.

Akaniangalia mkono, akaugeuza mbele na nyuma, kama mtu anayenunua samaki. Kisha akaonyesha ile herufi.

"Hii inasema nini, mwalimu?"

Nikamjibu, kwa sauti iliyobaki, kwamba inasema Maliza.

"Haikudanganya," akasema. "Ilitaka kumaliza mukono."

Mkewe, Mama Feza, alikuja mbio kuuliza nani amechinja mbuzi. Yeye alisoma kwa masista. Akatazama swichi, akakaa juu ya mbao akicheka mpaka kitenge kikamlegea. M ni *marche* ya Kifaransa, akasema, mashine inatembea. A ni *arrêt*, inasimama.

Mimi sikucheka. Nikakaa naye pale pale, nikawa nakunja vidole na kuvikunjua. Sijawahi kufurahia kitu cha bure namna ile.

Kesho yake Papa alichukua brashi na rangi, akafuta herufi zote mbili. Upande wa kusimama akachora mkono wa vidole vitano. Upande wa kutembea, mkono wa vidole viwili. Hakuna mtu aliyekosea tena, msomi wala asiye msomi.

Wakuu, funzo langu ni hili. Usiguse meno ya msumeno kwa kuamini swichi, wala kwa kuamini kwamba umeme hauko. Chomoa waya, kama hauchomoki, toa mkanda. Na hicho ulichotoa ukae nacho mwilini, asije mtu mwingine akakirudisha. Anayekukumbusha hata kama hajui A wala B, msikilize.

Mabenchi ya Chama yalitoka siku yake. Na uzi huu nimeuandika kwa vidole vyote kumi, hata kile kidogo ambacho hakina kazi, leo nimekipa herufi yake.

Haya, mafundi wa humu: mashine yako imeandikwa lugha gani, na ni nani aliyewahi kukuzuia mkono? Semeni, nasoma. Sasa nasoma mara mbili.