Mguu wa Kukanyagia Breki

Mtaa mzima ulimwita Mwenyewe. Ukiuliza nani kamnyoa, mwenyewe. Nani kaziba paa, mwenyewe. Hata jino lake bovu alijing'oa kwa koleo, akajifungia ndani mpaka uvimbe ulipokwisha, ndipo akatoka kutamba. Alikuwa mtunza stoo mstaafu, na gari lake, jeupe zamani, sasa rangi ya meno ya mvuta sigara, halikuwahi kuguswa na fundi wa kulipwa. Mafundi wa gereji ya kona walimwamkia kwa mbali, kama watu wanavyomwamkia mchawi.

Sasa breki zikamfia. Gari lilimponyoka mteremkoni likaenda kubusu ukuta wa nyumba yake. Bahati ukuta, si mtoto wa mtu. Umbea hauna breki, jioni ileile binti yake akapiga simu.

"Baba, Jumamosi tunakuja. Lakini mwanangu simpandishi kwenye hilo gari. Tutachukua teksi pale stendi."

"Teksi? Mjukuu wangu apokewe na teksi na mimi nipo hai?"

"Basi lipeleke kwa fundi."

"Fundi ni mimi."

"Baba, nani atakukanyagia pedali?"

Mwenyewe akaanza kusema "halo, halo, sikusikii," ujanja wa wazee wote wenye simu.

Ijumaa asubuhi akalipandisha gari kwa jeki uani. Akakuta mpira wa breki umepasuka. Akaufungua, akafunga mpya. Pedi zimelika zimekuwa nyembamba kama kucha, akabadilisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi ilikuwa safi. Lakini ukishafungua mpira, upepo unaingia kwenye mabomba, na breki yenye upepo ni kama ahadi ya mlevi, ukiiegemea tu inazama. Lazima upepo utolewe, na kazi hiyo, hata uwe fundi wa mafundi, inataka watu wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kushikilia. Wa chini anafungua nati ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na upepo wake, anafunga. Wa juu akiachia mapema, upepo unarudi, mnaanza upya.

Miaka yote wa juu alikuwa mkewe. Yule mama alikuwa mshonaji, mguu wake umezoea pedali ya cherehani. Aliingia garini na nguo ya mteja mapajani, akawa anashona vifungo huku akingoja amri.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, baba watoto. Fungua."

Mwenyewe hakuwahi kumhesabu. Akitamba mbele ya wageni kwamba gari hili halijashikwa na mkono mwingine, mama wa watu alicheka tu, akakata uzi kwa meno. Kweli, mkono haukuwahi kushika. Walimzika mwaka jana.

Mwenyewe akachukua mpini wa ufagio, akaubana kati ya kiti na pedali. Akalala chini, akafungua nati. Pedali ikazama, mpini ukaanguka, upepo ukarudi. Akaweka tofali. Tofali nalo likaanguka. Akarudi chini tena, mgongo ukilia kama bawaba, na mdomo ukamponyoka kwa mazoea:

"Kanyaga!"

Akabaki spana mkononi, sikio kalitega, anangoja. Kilichosikika ni redio ya ng'ambo ya ukuta tu, ikitangaza hali ya hewa.

Redio hiyo ilikuwa ya jirani yake, mzee wa peke yake ambaye mtaa ulimwita Mzee Redio. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mazishi, maana siku ile redio ilipiga muziki mchana kutwa, nyumba ya pili watu wanalia.

Mwenyewe alikaa chini, mafuta yakimkaukia viganjani. Akilini akamwona mjukuu wake dirishani mwa teksi. Akainuka, akagonga ukuta kwa spana. Redio ikapunguzwa sauti.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mwenyewe?"

"Jirani, una mguu mzima?"

"Ninayo miwili. Unataka upi?"

Akaja, akajitupa kwenye kiti, mara akaruka. "Ala! Gari lako linauma!"

Ilikuwa pini ya kushonea, imeshika kutu. Mwenyewe akaichukua, akaichomeka kwenye kola ya shati lake, akashuka chini.

"Kanyaga!"

Kimya.

"Umekanyaga?"

"Si umesema nikanyage?"

"Ukikanyaga, sema. Sema 'nimekanyaga.' Nisiposikia, sifungui."

"Haya, bwana mkubwa. Nimekanyaga."

Sauti nene, ya tumbaku. Mwenyewe akafumba macho kidogo huko chini, ndipo akafungua. Mafuta yakashuka kwenye chupa aliyoikinga, yamejaa mapovu.

Wakaenda gurudumu kwa gurudumu. Kwenye la tatu, akiwa chini mahali ambapo mtu haonekani uso, Mwenyewe akauliza:

"Siku ile ya mazishi, mbona hukuzima redio?"

"Nani angeizima? Mimi nilikuwa makaburini, nyuma yako. Nikitoka huwa naiacha iseme, nisije nikakuta nyumba imenyamaza."

Mwenyewe akakaza nati, akakaza tena ilhali imeshakazika. "Achia," akasema.

Gurudumu la mwisho lilitoa mafuta matupu, meupe.

"Imekuwa ngumu kama jiwe hii," Mzee Redio akasema. "Tumemaliza?"

Walikuwa wamemaliza. Kesho mjukuu atapanda gari la babu yake, na teksi itafute abiria wengine. Ila jirani naye atashuka, atajifuta mikono, atakwenda zake, na uani atabaki mtu na jeki. Mwenyewe aliitazama chupa. Hata povu moja halikuwamo.

"Bado," akasema. "Kuna kaupepo kamebaki. Kanyaga."

Kule juu, mguu wa Mzee Redio haukuwa mjinga, na pedali ilikwisha kumwambia ukweli wote.

"Nimekanyaga," akajibu. "Fungua."