Shangazi na Ndoo Yangu ya Bia

Nyie, leo nusura nilie kisa ndoo ya bia.

Nimepika mwenyewe, mara ya kwanza. Siku kumi na mbili imetulia chumbani, machicha yote yameshuka, juu inang'aa kama chai ya rangi. Leo ilikuwa niijaze kwenye chupa. Nikatoka kufuata vizibo tu.

Kurudi, namkuta shangazi, mgeni wangu kutoka Songea, kashika mwiko. Anakoroga hadi chini!

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Pombe yako ilikuwa imelala, mwanangu. Nguvu zote ziko chini, ungewanywesha watu maji?"

Siku kumi na mbili, jamani!

Kanijazia kikombe, kanikazia macho.

Hapa natafuna machicha, nasema, "Asante, shangazi."

Nyie mngefanyaje?